Kilti ya sufu: igeuze ndani nje kabla ya kulipa

Kwenye Royal Mile, barabara ya watalii mjini Edinburgh, kilti mbili, yaani sketi za marinda za wanaume wa Uskoti, zenye tartani (mistari ya rangi inayokatana) ileile zinaweza kuuzwa moja kwa makumi ya pauni na nyingine kwa mamia. Ukizitazama kwa mbele zinafanana. Tofauti iko nyuma, ndani, na kwenye ukingo wa chini, mahali ambapo wanunuzi wengi hawatupi jicho.

Soma lebo kwanza. Nguo inayouzwa Uingereza lazima itaje nyuzi iliyofumwa kwazo. Maneno "tartani halisi" hayakwambii kitu, maana tartani ni mpangilio wa mistari, si aina ya uzi. Akriliki, uzi wa plastiki, nayo hufumwa tartani. Kama kilti tayari ni yako na una shaka, chomoa uzi mmoja ndani ya rinda uuchome. Sufu hunuka nywele zilizoungua na majivu yake husagika vidoleni. Akriliki huyeyuka na kuacha kidonge kigumu.

Kisha shika ukingo wa chini. Kilti nzuri kwa kawaida haina upindo. Kitambaa cha kilti hufumwa kwa upana wa inchi 54 hadi 60, kikachanwa katikati kwa urefu, na ule ukingo uliotoka nao kwenye mtambo ndio unaokuwa chini, usawa wa goti. Unapaswa kuwa safi na mwembamba, bila uzi wa kushonea. Upindo uliokunjwa hunenepesha kila rinda chini, na marinda yakishakuwa manene hayalali. Hufunguka kama mwavuli ukitembea.

Hapo ndipo hesabu ya yadi inapoingia, na ndipo maduka mengi ya bei rahisi yanapobania. Kilti ya jadi ni yadi 8, yaani inchi 288. Chukua mtu wa nyonga inchi 42. Kipande cha mbele cha nje kinakula inchi 21, cha ndani yake 21 nyingine, mikunjo ya pembeni kama 12. Zinabaki inchi 234 za marinda. Ikiwa ruwaza ya tartani inajirudia kila inchi 8 (mafundi huita marudio hayo seti) na kila rinda linameza seti moja, unapata marinda 29, kila moja likionyesha chini kidogo ya robo tatu ya inchi. Kwa namna hiyo mgongo wa kilti unaonekana kama kitambaa ambacho hakijakunjwa, mistari inaendelea bila kukatika. Mtu huyohuyo kwa yadi 5 atapata marinda 15 au 16 mapana, au mengi lakini ya juujuu. Yadi 5 si kosa, ni nyepesi na nafuu na kwa matembezi inatosha. Kosa ni kuuziwa yadi 5 kwa bei ya 8.

Kama unanunua kwa mtandao na huwezi kuhesabu marinda, muulize muuzaji kilti ina uzito gani. Uzito wa kitambaa hutajwa kwa aunsi kwa yadi ya upana kamili, na yadi 8 za kilti zinatoka kwenye yadi 4 za upana huo. Kwa hiyo kitambaa cha aunsi 16 kinatoa takribani kilo 1.8, na cha aunsi 13 karibu kilo moja na nusu. Anayekutangazia "yadi 8, aunsi 16" halafu mizani inasoma gramu 900 amekwisha kujijibu.

Kati ya uzito huo, aunsi 16 ndiyo inayoanguka vizuri na kutunza marinda. Aunsi 13 haikusumbui kwa joto, na wengi huridhika nayo. Aunsi 10 au 11 hujikunja ukikaa kwenye gari nusu saa, kisha unashika pasi.

Sasa igeuze ndani. Chini ya bitana ya pamba kunatakiwa kuwe na kanvasi ngumu iliyoshikizwa kuanzia kiunoni hadi nyonga. Hiyo ndiyo inayobeba mvuto wa mikanda na bizimu. Ikikosekana, mvuto wote unaangukia mishono ya marinda, nayo huanza kuachia kwenye makalio, kwa kawaida rinda la pembeni likitangulia. Mishono ya mkono kwenye marinda ni midogo na haionekani kwa nje. Ya cherehani huacha mstari wa uzi ulionyooka kando ya mkunjo. Cherehani peke yake haiharibu kilti. Lakini aliyeharakisha marinda mara nyingi ameruka na kanvasi, kwa hiyo bonyeza sehemu hiyo kwa vidole usikie kama ina mwili.

Pesa nyingi huokolewa kwenye uchaguzi wa tartani. Daftari la Tartani la Uskoti, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, lina maelfu ya ruwaza, ila kusajiliwa hakumaanishi kitambaa kipo ghalani. Isiyofumwa kwa kawaida itabidi ifumwe kwa ajili yako, na bei inapanda. Viwanda kama Lochcarron na House of Edgar huweka tayari zinazopendwa, Black Watch ikiwemo. Hakuna sheria inayokudai jina la ukoo.

Kilti iliyotumika, ikiwa imeshonwa kwa mkono, mimi naiweka mbele ya mpya ya bei sawa. Maduka ya kukodisha huuza akiba yao ya zamani. Tazama vipimo kabla ya rangi: kiuno hurekebishika inchi moja au mbili kwa kuhamisha bizimu, lakini nyonga ni taabu, kwani kitambaa cha ndani ya marinda huwa kimekatwa juu. Urefu ndio mgumu zaidi. Huwezi kukata chini bila kupoteza ule ukingo, na kupunguza kutoka juu ni kuifumua na kuishona upya. Pima kiuno usawa wa kitovu, si pale suruali inapokaa, halafu shuka hadi katikati ya goti. Ukipiga magoti, ukingo uguse sakafu kidogo au uielee kwa inchi moja.

Inue pia mbele ya dirisha, ukifungua rinda moja baada ya jingine. Tundu za nondo, wadudu wanaokula sufu, huonekana kama nukta za mwanga, na hujificha ndani ya mikunjo.

Kwa mgeni: tangu Januari 1, 2021 watalii hawarudishiwi VAT ya asilimia 20 kwa bidhaa wanazobeba wenyewe kutoka Uskoti. Duka likikutumia kilti moja kwa moja nje ya Uingereza, linaweza kuiuza bila kodi hiyo. Uliza kabla ya kulipa, na ujumlishe nauli ya mzigo pamoja na ushuru wa forodha wa kwenu.