Opali kwenye pipa? Mi nilishalipa ada

Juzi dogo mmoja katokea Chunya akanipitia hapa Mwanjelwa, Mbeya, na kimfuko cha opali za kijani, yale mawe ya vito ya Haneti kule Dodoma, ananiuliza "kaka, hizi si unatupia tu kwenye lile pipa lako la kung'arishia mawe zinazunguka zenyewe?" Nikacheka, maana hilo swali nilishajijibu mwenyewe mwaka juzi na hasara yake bado naikumbuka.

Pipa lenyewe alinichomelea fundi wa mtaani, mota ya mashine ya kufulia, ndani tukalivalisha mpira, ukiliona utadhani karasha la Chunya, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, limezaa. Nilikuwa nasugulia akiki humo, nayo ni aina nyingine ya mawe ya vito, na zilikuwa zinatoka safi kabisa, sasa siku hiyo nikachanganya opali na akiki pamoja, nikamwaga unga wa msasa namba 60 (namba ikiwa ndogo punje ndo kubwa na zinakwangua zaidi), nikafunga, wiki nzima linanguruma tu. Kufungua, akiki ziko vizuri, opali zimebaki nusu!! Kingo zote zimemeguka vipande vya mwezi mchanga, maji ya pipa yamekuwa uji wa kijani. Yaani nililipia umeme ili nisage mawe yangu mwenyewe.

Ugumu wa opali kwa kipimo cha Mohs, kile cha 1 mpaka 10, ni kama 5.5 mpaka 6.5, akiki iko karibu na 7. Kwa kusikia unaona ni tofauti ndogo, ila zikigongana mchana na usiku wiki nzima mnyonge ndo anaisha. Halafu opali sio tu ina ugumu mdogo, inameguka pia kama kioo.

Na kosa la pili nililiongeza mwenyewe, zile zilizopona nikaanika kwenye bati, mwezi wa sita ule, asubuhi baridi la Mbeya mnalijua, saa saba bati linaunguza. Opali ina maji ndani yake, mara nyingi asilimia 3 mpaka 10 hivi, ukiikausha kwa pupa inapiga nyufa nyembamba kama za tope lililokauka. Jioni naangalia, nyufa tupu.

Kwa hiyo dogo nikamwambia inawezekana, ila sio kwa staili ile. Opali zikae na opali wenzake tu. Namba 60 sahau kabisa, anzia 220, na kama vipande havina makona makali anzia hata 500. Punje za plastiki weka nyingi, pipa lijae kama theluthi mbili au zaidi kidogo ili mawe yateleze, yasidondokeane, na lizunguke polepole. Fungua kila siku uangalie. Kila ukibadilisha namba osha mpaka uchoke, pipa na mawe na kila punje, coz chembe moja ya 220 ikiingia kwenye hatua ya kung'arisha inachora kila kitu (hii nayo nilijifunza kwa machozi). Mwisho unamalizia na serium oksaidi, ule unga wanaong'arishia vioo, halafu unakaushia kivulini taratibu chini ya kitambaa kibichi.

Za Ethiopia zile za Welo usithubutu. Zinakunywa maji, utatoa jiwe limekuwa kama kioo limepoteza rangi, na kama maji yalikuwa machafu uchafu unabaki humo humo. Na zile opali nyembamba zilizobandikwa kwa gundi juu ya jiwe jingine, pipa litazibandua.

Jiwe kubwa lenye maana mi nalishika kwa mkono tu. Nalibandika kwenye kijiti kwa gundi, sio nta ya moto maana moto nao unalipasua, msasa wa maji kuanzia namba ndogo kwenda kubwa, namalizia na kipande cha ngozi na serium. Jioni moja limeisha na kila dakika unaona unachofanya.

Dogo kaondoka na mawili makubwa, chenga kaniachia. Leo siku ya tatu ziko pipani, na mke wangu keshalihamishia stoo, anasema hapati usingizi.