Dirisha lililozibwa Kiponda

Ukuta wa chumba kile ulishapigwa rangi mara nne ndani ya miaka sita, na kila mara ufa ulirudi palepale. Unaanzia usawa wa kiuno changu, unapanda wima zaidi ya mita moja, halafu unakata kulia kana kwamba mtu kauchora kwa rula. Mwenye nyumba ni bibi wa miaka sabini na kitu, anaishi Kiponda, Mji Mkongwe, tangu alipoolewa. Nilipomwamkia hakuzunguka: "Mwanangu, mimi nataka kujua kitu kimoja tu. Nilale humu au nihame?"

Nilimwelewa. Tangu sehemu ya jumba la kale la Beit al-Ajaib hapa Mji Mkongwe iporomoke tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili kupoteza maisha, mwenye nyumba kongwe hapa Unguja akiona ufa hauchukulii tena kuwa jambo la rangi.

Mimi hukagua nyumba. Nina nyundo ya mti, tochi, kipima unyevu chenye sindano mbili, na kwa miaka michache sasa nina kamera ya joto niliyoinunua mkononi kwa mtu. Si kubwa. Picha yake ni nukta 160 kwa 120, yaani nukta 19,200 tu, wakati simu ya kawaida ina mamilioni. Lakini kila nukta ni kipimo cha joto, na hapo ndipo thamani yake ilipo.

Niseme hili mapema kwa sababu watu wengi hunipigia wakiamini vingine: kamera hii haioni ndani ya ukuta. Inaona ngozi ya ukuta. Kila kitu hutoa mnururisho wa joto usioonekana kwa macho, ule ambao William Herschel aliugundua mwaka 1800 alipoweka kipimajoto pembeni mwa rangi nyekundu ya mwanga uliopita kwenye mche wa kioo, akakuta zebaki inapanda mahali pasipo na rangi yoyote. Kamera inakusanya mnururisho huo na kuupaka rangi: buluu penye ubaridi, manjano na nyeupe penye joto. Kilichojificha nyuma ya lipu kitaonekana iwapo tu kinabadilisha joto la uso wa ukuta. Kisipolibadilisha, hutaona kitu, hata kamera iwe ya bei gani.

Kwanza nikautazama ufa wenyewe. Nyumba inayodidimia upande mara nyingi huchanika mshazari. Ufa unaopanda wima kisha ukakata pembe mraba unanukia kitu kilichotengenezwa na mtu. Nikamuuliza bibi kama palikuwa na mlango au dirisha hapo. Akasema yeye alipoletwa bi harusi ukuta ulikuwa hivyohivyo, mzima.

Ukuta huo kwa nje unatazama magharibi. Vichochoro vya Kiponda ni vyembamba, ghorofa ya chini haipati jua kabisa, lakini juu, kilipo chumba hiki, linapiga tangu adhuhuri hadi jioni. Jirani wa upande wa pili, Mungu ambariki, akaniruhusu kupanda kwake. Nilifika wakati wa magharibi, adhana inatolewa, nikaelekeza kamera. Ukuta mzima rangi moja. Hakuna kitu.

Ningekuwa mgeni wa kazi hii ningeandika "hakuna tatizo" na kwenda zangu. Kesho yake nikarudi saa tisa na nusu alasiri. Safari hii palikuwa na mstatili umesimama katikati ya ukuta, pembe zake zote nne dhahiri, nyuzi 44 ndani yake na 40 pembeni. Nikasubiri kwa jirani, tukanywa chai ya tangawizi, na saa mbili usiku nikapiga tena. Mstatili uleule, ila sasa ndio ulikuwa baridi: 27 na nusu, wakati ukuta unaouzunguka bado una 30.

Ukuta wa kale wa Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene nusu mita hivi. Unapata joto taratibu na unaliachia taratibu. Dirisha lililozibwa kwa matofali membamba ya saruji yenye matundu halina uzito huo, kwa hiyo jua likipiga linawahi kupata moto, na jua likizama linawahi kupoa. Kati ya saa hizo mbili kuna dakika ambazo joto la sehemu zote mbili hukutana, na dirisha linapotea machoni pa kamera. Mimi jana yake nilifika katika dakika hizo hizo.

Basi ufa wa bibi ulikuwa ukingo wa dirisha. Nyenzo mbili tofauti, moja ngumu ya saruji na nyingine laini ya chokaa, zinatanuka na kusinyaa kila moja kwa kiasi chake kila siku ya jua, na lipu iliyopakwa juu yao wote haina namna ila kukatika pale zinapokutana. Ungeweza kupaka rangi mara arobaini.

Nilipompelekea picha bibi aliishika simu kwa mikono miwili, akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Kumbe ndiyo maana chumba hiki hakina hewa."

Hofu yangu sasa ikahamia chini. Ufa huo ulikuwa na mwenzake upande wa nje, mwembamba kama unywele, chini ya rangi. Ukuta wa nje ulipigwa lipu ya saruji zamani. Mvua ikiingia kwenye ufa, chokaa na matumbawe yanainywa, na saruji haiachii itoke kama chokaa inavyoiachia. Maji yanashuka. Na chini ya dirisha lile, usawa wa sakafu ya ghorofa, ndipo vichwa vya boriti vinapokaa ndani ya ukuta.

Nikaingia chumba cha chini. Nikaomba feni izimwe, milango ifungwe, watu watoke kwa saa moja. Ilikuwa Agosti, upepo wa kusi, hewa kavu kiasi, na hilo ni muhimu sana. Kamera inagundua unyevu kwa sababu maji yanapokauka hupoza mahali yanapotoka. Wakati wa masika hewa ya Unguja imejaa maji tayari, hakuna kinachokauka, na ukuta uliotota unaonekana sawa na mkavu. Mtu akinipigia Aprili anataka nitafute unyevu kwa kamera humwambia anisubiri.

Boriti kumi na moja za mkoko zilipita juu ya kichwa changu, zimepakwa rangi nyeupe, nzuri kuzitazama. Saba zilikuwa za rangi moja kutoka ukuta hadi ukuta. Nne, zile zilizo chini ya dirisha, zilikuwa na buluu kwenye ncha, shubiri moja hivi kutoka ukutani. Tofauti ilikuwa nyuzi moja na nusu tu. Kwa macho hakukuwa na doa, wala rangi kubanduka, wala ukungu. Nikapanda ngazi na kipima unyevu. Boriti nzima: asilimia 14. Ncha za buluu: 26, 29, 31, 24. Mti ukizidi asilimia 20 kwa muda mrefu kuvu hupata makazi. Ile ya 31 nikaigusa kwa bisibisi, bila kusukuma kwa nguvu, nayo ikazama hadi karibu na mpini. Ilitoka na unga wa kahawia unaonuka kama majani yaliyooza kisimani.

Nilimjibu bibi swali lake hapohapo: juu asilale, na chini wasikae watu, mpaka tuweke nguzo. Jioni ile mwashi alikuja na vijana wake na nguzo za mti, tukazikaza chini ya boriti nne zile.

Nasisitiza kile kipimo cha sindano kwa sababu niliwahi kukiruka, na aliyeumia ni mwingine. Mwaka wangu wa kwanza na kamera hii, katika nyumba moja Mbweni, niliona buluu kubwa ukutani nikamwambia mzee wa watu kuwa bomba linavuja. Akabomoa mita mraba nzima. Ukuta ulikuwa mkavu kabisa: upande wa pili kulikuwa na kiyoyozi kinachopuliza hapohapo mchana kutwa. Niligharamia lipu na rangi, nikamwomba radhi mbele ya wanawe. Tangu siku ile sisemi "unyevu" mpaka sindano iseme. Na kabla ya kupiga picha bafuni nasogea pembeni, maana vigae vinavyong'aa huakisi joto la mwili wangu. Mabati mapya ni mabaya zaidi, yanakuonyesha ubaridi wa mbingu badala ya joto lake yenyewe.

Palepale kwa bibi nilipitisha kamera kwenye boksi la umeme pia, hita ya maji ikiwa inafanya kazi, kwa sababu waya usiobeba mzigo hauonyeshi ugonjwa wake. Breka zote zilikuwa nyuzi 35 au 36. Ya hita ilikuwa 71. Skrubu ilikuwa imelegea. Tukaizima, na fundi umeme alikuja kabla ya isha.

Kazi ya ukuta ilianza baada ya kibali cha mamlaka ya Mji Mkongwe kutoka. Mwashi, mzee ambaye mikono yake imekomaa kwa chokaa, aliondoa matofali ya saruji na lipu yote iliyozunguka, akitaka kujaza kwa mawe na chokaa kama ukuta wenyewe. Bibi akamzuia. Anataka dirisha lake. Tukaomba tena kibali, tukakipata, na seremala wa Darajani sasa anachonga fremu.

Boriti mbili zimebadilishwa. Mbili nyingine ncha zake zimekauka hadi asilimia 18 na zinashuka, tunazifuatilia kila wiki mbili, nguzo bado ziko chini yake. Wajukuu wanataka ukuta upakwe rangi ya plastiki kabla ya Idi. Nimewaomba wapake chokaa tu, tabaka tatu nyembamba, na waniache nipande tena kwa jirani saa tisa na nusu alasiri kabla hawajagusa kitu kingine.