Gari jeusi la mama na vumbi la Uyole

Mwezi wa saba alinipigia simu mama mmoja, muuguzi mstaafu anayeishi Isyesye, akaniuliza kama napuliza rangi. Nikamwambia, "Hapana mama, mimi napiga polishi tu." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi njoo uangalie mwanangu, maana nimeambiwa rangi imekwisha, gari lipulizwe lote."

Nilifika saa tatu asubuhi, jua limeshachomoza vizuri lakini baridi ya Mbeya bado iko kwenye vidole. Ni Toyota Premio nyeusi, aliyoinunua kwa kiinua mgongo chake. Kwa mbali ilikuwa nyeusi kweli. Nilipoikaribia ikageuka kijivu, kama sufuria jeusi lililosuguliwa kwa steelwire. Sikusema neno. Nikatoa tochi, nikaiwasha juu ya boneti, na pale pale utando wa buibui ukajitokeza: mistari myembamba kama nywele, mamia kwa mamia, imeizunguka ile taa. Mama akashika mdomo. "Kumbe ndiyo hivi?"

Wenye magari meusi wanaujua huu utando, hasa usiku wakisimama sheli chini ya zile taa kali. Wengi wanadhani mikwaruzo yenyewe ni ya duara. Sogeza tochi uone: duara nalo linahama, linaifuata taa. Mikwaruzo imelala kila upande, ila ile iliyokaa mkingamo na mwanga ndiyo inayong'aa, na jicho linaiunganisha kuwa duara. Nilimwonyesha mama pia jambo la pili. Nikamwagia maji kidogo juu ya boneti, kijivu chote kikapotea, likabaki jeusi tititi. Maji yalipokauka, kijivu kikarudi. Maji yalikuwa yamejaza mifereji midogo iliyo kwenye klia, lile koti la juu lisilo na rangi. Rangi nyeusi yenyewe, chini yake, ilikuwa nzima kabisa.

Nikauliza nani anaosha. Mjukuu, kijana wa kidato cha pili, akasogea na adabu zake: "Mimi. Kila asubuhi kabla sijaenda shule nalifuta vumbi ili bibi akitoka alikute safi." Akanionyesha kitambaa, kipande cha fulana ya zamani, kikavu.

Nataka watu wa huku kwetu wanielewe vizuri hapa. Vumbi la Uyole na Isyesye halifanani na vumbi la kila mahali. Udongo wetu una majivu ya volkano na vipande vya lile jiwe jepesi lenye matundu, lile lile ambalo mama zetu wanasugulia visigino. Jiwe hilo ni kioo kilichotoka kwenye volkano za Rungwe, likasagika likawa unga. Kiangazi upepo unaunyanyua na kuulaza juu ya gari. Ukipitisha kitambaa kikavu, umeshapiga msasa. Yule kijana alikuwa akipiga msasa kila asubuhi kwa upendo wake wote kwa bibi yake, na sikuweza kumlaumu.

Sasa, kuhusu ushauri wa kupuliza gari zima. Rangi ya kiwandani imekaushwa kwenye joto kali, na kuirudia kwa ubora ule ule kwenye uwanja wenye vumbi ni kazi ngumu hata kwa fundi mzuri. Kuivua wakati chini ni nzima ni hasara. Ila na polishi ina mipaka yake. Mashine haifuti mkwaruzo. Inashusha klia yote inayouzunguka hadi ilingane na kina chake. Na klia yenyewe mara nyingi ni maikroni 40 hadi 50 tu, wakati unywele wa kichwani ni kama 70. Kila unapopiga unachukua sehemu ya kile kidogo, na hakiongezeki tena. Ndiyo maana nakasirika nikisikia gari linapigwa kompaundi, ile polishi kali inayokwangua, kila mwezi kana kwamba ni kuosha.

Hili nililijua kwa uchungu. Nilipokuwa najifunza, nilipewa mashine ile nzito inayozunguka upande mmoja, yenye pedi ya manyoya, nipige fenda la gari la mteja. Nilizidisha sekunde chache tu kwenye ukingo wa paneli, pale klia inapokuwa nyembamba na joto linapojikusanya. Nilipoinua mashine, pedi iliyokuwa na ute mweupe ilikuwa na doa la buluu. Nilielewa kabla sijaangalia fenda. Kwenye gari lenye klia, ukiona rangi ya gari kwenye pedi umeshatoboa, na hakuna polishi ya kurudisha. (Malori ya zamani yasiyo na klia ni habari nyingine, hayo yanapaka pedi tangu mguso wa kwanza.) Fenda lilipulizwa upya, na mshahara wangu wa mwezi ule ukaenda huko. Tangu siku hiyo kila ukingo naubandika tepu ya karatasi, na mashine ninayotumia ni ile inayozunguka huku ikiyumba. Inakwenda taratibu zaidi, lakini haikusanyi joto mahali pamoja.

Kabla sijakubali kazi nilipima kwa kile kifaa cha unene wa rangi, kinachosoma koti zote pamoja na klia kwa maikroni. Boneti ilisoma 108, paa 101, milango mitatu humo humo. Mlango wa nyuma kushoto ukasoma 290. Mama akashangaa, kumbe mlango ule ulipulizwa kabla hajalinunua gari.

Tuliosha kwanza, maji mengi kabla ya mkono kugusa. Kisha nikapitisha ule udongo laini wa kusafishia rangi juu ya maji ya sabuni. Mwanzoni unakwaruza kwa sauti ndogo kama kidole juu ya karatasi, halafu sauti inakufa na udongo unateleza. Nilimpa kijana asikie kwa mkono wake. Udongo ulioanza mweupe ulikuwa kahawia.

Kupiga nilianza saa kumi na mbili jioni, baada ya upepo kutulia, tumefunga geti na kumwaga maji uwanjani ili vumbi lilale. Sikuanza na dawa kali. Nilichagua kipande cha boneti, upana wa kama sentimita 50, nikajaribu pedi laini na polishi nyepesi. Utando ulipungua nusu. Nikapanda hatua moja: pedi ngumu kidogo, kompaundi matone manne, kasi ya chini kusambaza, halafu kasi namba nne. Mikono inakwenda polepole kuliko unavyotamani, mstari juu ya mstari, kisha unakata kwa mkingamo. Pale ndipo ninapoipenda kazi hii. Ute unaanza mzito, mweupe kama uji, baadaye unakuwa kama mafuta, na mlio wa mashine unalainika. Nikafuta kwa taulo ya maikrofaiba, nikapitisha spiriti iliyochanganywa na maji, nikawasha tochi. Palikuwa na kisima cheusi, taa moja ndani yake, na kuizunguka hapakuwa na kitu.

Spiriti usiiruke. Polishi nyingi zina mafuta yanayojaza mikwaruzo kama yale maji niliyomwaga asubuhi. Gari linatoka linawaka, mteja analipa, akiosha mara mbili utando umerudi. Futa mafuta kwanza, ndipo uone ulichokifanya kweli.

Mlango wa kulia una mkwaruzo wa mpini wa baiskeli. Nilipitisha ukucha, ukakwama. Ukucha ukikwama, kuufukuza mkwaruzo ule ni kumaliza klia. Niliuchonga makali yake ili usishike mwanga, nikamwambia mama utaonekana na ataishi nao. Akajibu, "Hata mimi nina alama zangu." Mlango uliopulizwa nao niliupiga kwa pedi laini tu. Unene wa 290 haukuambii kama ulioongezeka ni klia au ni puti ya kuzibia mabonde iliyo chini.

Kazi ilikula jioni mbili. Mwisho nikapaka nta, ambayo haiondoi mkwaruzo wowote, kazi yake ni kulifanya vumbi lising'ang'anie.

Asubuhi ya tatu nilikaa na yule kijana, tukaichoma ile fulana. Nikampa ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa kabla hakijarudi kwenye sabuni, na taulo mbili nene. Nikamwambia siku ya vumbi aliache gari lilivyo, na siku ya kuosha aanze na maji juu ya paa, ateremke, sketi, zile kingo za chini ya milango, ziwe za mwisho. Akaniuliza, "Na bibi akitaka kutoka na gari lina vumbi?" Mama akajibu kutoka jikoni kwamba atatoka nalo hivyo hivyo.

Wiki mbili baadaye nilikutana nao Uyole, njia panda ya Tukuyu. Walikuwa wametoka msibani Rungwe, mvua ya huko haijui kiangazi, na Premio lilikuwa limejaa tope hadi kwenye vioo. Nilipomsalimia mama, kijana mmoja wa kuosha magari alishakimbilia mlango na dasta mkononi. Mjukuu akateremka upesi, akasimama kati yake na gari. "Samahani kaka, usiliguse. Bomba la maji liko wapi?"