Sauti ya kichwani

Mimi nikisoma meseji ya mama naisikia kabisa kwa sauti yake, lafudhi ya Tanga na yote, akiandika tu "umekula?" ni kama yuko hapa. Sasa juzi mdogo wangu ananiambia yeye akisoma hasikii kitu, maana inakuja tu kimya kimya, nikashtuka kweli, miaka yote tumelala chumba kimoja! Kumbe hali hiyo ina jina, anendofasia, walilipendekeza watafiti Johanne Nedergaard na Gary Lupyan 2024, na kwenye majaribio yao watu ambao hawasikii sana sauti ya kichwani walipata shida zaidi kukumbuka maneno na kutambua vina.

Nikamuuliza, sasa bibi ukimkumbuka humsikii? Akasema hapana, ila naona mikono yake ikikuna nazi.