Inspekta kaingia mpaka chumbani, mlenda wangu ukazua maswali

Mbukwenyi ndugu zangu wa Dodoma. Naandika nimekaa kitandani mlango nimeupiga komeo, sababu mtaiona huko chini.

Niko Minnesota mwaka wa nne sasa, napanga na mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, yeye alikuwa analala besmenti, kile chumba cha chini ya nyumba. Wiki iliyopita nimetoka shifti ya usiku, nimeoga, niko na khanga tu nataka kulala, saa tatu asubuhi naskia hodi na ufunguo unazungushwa hapohapo. Mwenye nyumba, na nyuma yake jamaa ana tochi na tableti, eti inspekta wa mji. Kumbe huku miji mingi mtu hapangishi nyumba hivihivi, anakata leseni, na mji unaleta mtu kukagua kila baada ya muda. Namuuliza mbona hujaniambia, anasema nilikutumia imeili. Nimeitafuta nimeikuta, imeandikwa tunapita "wiki hii". Sheria ya hapa tangu Januari 2024 inataka taarifa ya saa 24 angalau, na useme unakuja saa ngapi. Wiki hii ni saa ngapi?

Basi jamaa akaanza kazi. Kafungua mabomba, kachungulia chini ya sinki, kajaribu soketi, kafungua madirisha, na mimi namfuata nyuma nimeshika khanga. Mezani kuna barua ya hospitali, dawa zangu, na chumbani nguo za ndani zimeanikwa kwenye hita maana nje ni barafu. Jikoni akakuta mfuko wa mlenda mkavu, mama alinitumia kutoka Kongwa, si mnajua unavyokuwa, ungaunga wa kijani kwenye nailoni. Akaunyanyua. Hiki nini? Mboga. Akanusa, akaniangalia, akanusa tena. Sasa mlenda nao ni sehemu ya jengo jamani?

Ila kwa alamu ya moshi alinishika. Haina betri, dogo aliitoa kwa sababu kila tukikaanga dagaa inapiga kelele mpaka jirani anagonga ukuta. Hapo sina cha kujitetea, na ile ya kaboni monoksidi pia ilikuwa imekufa, gesi ileile inayoua watu kwetu wakilala na jiko la mkaa ndani. Halafu akashuka besmenti, akakuta godoro la dogo na kidirisha ambacho hata paka anajifikiria kupita, akasema hapa halali mtu, moto ukiwaka anatokea wapi? Kweli. Lakini akapiga picha, godoro, suruali za dogo, viatu, vyote. Na hapa taarifa za serikali kwa kawaida ni za wazi, ukiomba unapewa isipokuwa zilizofungwa na sheria, kwahiyo mimi najiuliza hizo suruali nani ataziomba.

Nikamkumbuka mama mwenye nyumba wangu wa Chang'ombe. Yule umeme wa LUKU ukiisha mapema anapita chumba kwa chumba kutafuta nani kachomeka hita ya maji, na ukimwambia Katiba ibara ya 16 inalinda maskani ya mtu atakwambia basi kapange kwenye Katiba. Lakini anaanzia uani, "mwanangu upo? umevaa?" Huyu wa huku hata hilo hakuuliza. Ingawa kusema haki, kwa miaka yote niliyopanga Dodoma sijawahi kuona mtu wa halmashauri kaja na tochi kuangalia kama nyaya za kile chumba zingenichoma.

Kazini nikamsimulia Mkenya mmoja, akacheka, akaniambia ungemkatalia tu. Akanipa kesi ya Camara wa San Francisco, alikuwa anaishi kwenye ghorofa ya chini ambayo kibali cha jengo hakikuruhusu watu kuishi, kama dogo kabisa, akawagomea wakaguzi, wakamshtaki, ikafika Mahakama Kuu kabisa ya Marekani na mwaka 1967 ikasema mkaguzi akikataliwa alete hati ya mahakama. Nikafurahi, kisha akanimwagia maji. Hiyo hati haihitaji wakushuku wewe, inatosha mtaa wenu umefikia zamu ya kukaguliwa, kwahiyo ukigoma atarudi tu.

Sawa arudi. Mimi sikuwa nataka asije kabisa, nilitaka hizo siku za kati kabla hajarudi na hati, nivae, nianue nguo, barua ya hospitali niitie droo.

Dogo sasa analala sebuleni kwenye sofa, anakoroma mpaka nasikia huku. Betri nimeweka, dagaa tunakaanga dirisha wazi na baridi lote lile. Inspekta anarudi Alhamisi saa nne kuhakiki, safari hii muda umeandikwa. Mlenda nimeuhamishia kwenye kopo la kahawa.