Nilivyorudi wodini baada ya kuondolewa kwa sababu ya VVU

Mimi ni muuguzi na ninaishi na VVU. Natumia dawa kila siku, na kwa muda mrefu sasa virusi havionekani kwenye kipimo cha damu yangu. Naandika kwa ajili ya wauguzi, wakunga, matabibu na watu wa maabara wanaopitia niliyoyapitia. Mimi nilipotafuta msaada nilikuta ushauri tele wa kumhudumia mgonjwa mwenye VVU, lakini wa kumsaidia mhudumu mwenye VVU asipoteze kazi ulikuwa haba mno.

Majibu yangu yalivuja kutoka kliniki ya wafanyakazi yakafika ofisini kwa metroni, naye akaniita. "Sista, hatukufukuzi," aliniambia kwa upole. "Tunakupumzisha tu. Kaa kwanza stoo ya vifaa, mengine tutaona." Barua hakunipa. Nilipokwenda kutazama ratiba ya zamu, jina langu lilikuwa limekatwa kwa kalamu nyekundu, na zamu zangu za usiku, zile zenye posho, wamegawiwa wenzangu.

Kilichoniokoa ni kudai maandishi. Niliandika barua fupi yenye adabu nikauliza: uamuzi huu ni wa nani, umetokana na kanuni ipi, na katika kazi zangu ni ipi hasa inayomhatarisha mgonjwa? Hilo la mwisho ndilo lililogeuza mambo. Maadamu mazungumzo ni juu ya "hali yako", utabaki kujitetea na kuomba huruma. Yakihamia kwenye kazi yenyewe, mwajiri ndiye anayepaswa kutoa maelezo, na wangu hakuwa nayo.

Nikaandika kila ninachofanya kwenye zamu: kupima presha, kugawa dawa, kuchoma sindano, kuweka dripu, kutoa damu, kusafisha vidonda. Kwa utaratibu wa kawaida wa kujikinga, hakuna hata moja katika hizo inayohesabiwa kuwa inaweza kumfikishia mgonjwa damu ya mhudumu. Taratibu zinazotiliwa shaka ni chache, nazo ni zile ambazo mikono ya mhudumu inaingia ndani ya mwili wa mgonjwa, karibu na chombo chenye ncha kali au kipande cha mfupa, mahali ambapo vidole havionekani vizuri. Nyingi ya hizo ni za upasuaji na za meno, nami sizifanyi. Tena hata huko Uingereza iliondoa katazo lake: tangu 2014 daktari wa upasuaji au wa meno mwenye VVU anaruhusiwa kuendelea, mradi anatumia dawa, virusi vyake viko chini ya nakala 200 kwa mililita ya damu, na anafuatiliwa kwa vipimo vya mara kwa mara.

Kwenye kikao kilichojadili barua yangu, mjumbe mmoja alileta kisa cha daktari wa meno wa Florida ambaye wagonjwa wake kadhaa waliambukizwa, kisa kilichojulikana mwaka 1990. Sikukikana, maana ni cha kweli na wale wagonjwa waliumia. Nilimweleza kwamba kilitokea kabla ya dawa mseto za VVU zilizopatikana kuanzia 1996, na kwamba mpaka leo haijathibitika virusi vilipita njia gani. Kutumia kisa hicho kumwondoa muuguzi mwenye virusi visivyoonekana ni kumwonea.

Niliambatisha pia Pendekezo Namba 200 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 2010. Linasema VVU, viwe vya kweli au vya kudhaniwa, visiwe sababu ya kumnyima mtu ajira wala kumwachisha. Mfanyakazi asilazimishwe kupima wala kutaja hali yake, na taarifa zake ziwe siri. Akiugua, aendelee na kazi maadamu kiafya anaiweza, na kazi irekebishwe pale inapobidi. Hili ni pendekezo, si mkataba, kwa hiyo peke yake halimfungi mwajiri. Liweke pamoja na sheria ya kazi ya nchi yako na sera ya mwajiri wako mwenyewe. Mwajiri wangu alikuwa na sera nzuri kabisa ya kupinga ubaguzi, imo kabatini, na wajumbe wa kikao walikuwa hawajaisoma.

Sikwenda peke yangu. Katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi alikaa kando yangu akiandika kila kinachosemwa, na nakwambia, watu huchagua maneno wakiona kalamu inatembea. Kuhusu faili langu la matibabu, nilikataa lisiwekwe mezani. Daktari wangu aliandika mstari mmoja tu, kwamba ninafaa kufanya kazi zote za wodi. Tarakimu za vipimo hazikuwahusu.

Jambo moja nililolitaka mwenyewe ni haki ya kuomba nisipangwe wodi ya kifua kikuu iwapo kinga yangu itashuka. Mwenye VVU huugua TB kwa urahisi zaidi, na Shirika la Afya Duniani linashauri mhudumu wa namna hiyo apewe nafasi ya kuhama. Lakini anayeomba ni yeye, kwa kujilinda. Kuhamishwa kwa nguvu ni habari nyingine, nami nilisisitiza tofauti hiyo iandikwe kwenye muhtasari wa kikao. Iliandikwa.

Nilirudishwa wodini kwa barua, na zamu za usiku nikarudishiwa. Posho nilizokosa nililipwa baadaye, baada ya katibu kufuatilia. Malalamiko yangu juu ya kuvuja kwa majibu bado yanashughulikiwa. Nimeomba nijibiwe kwa maandishi ni nani aliyefungua faili langu, na kwa idhini ya nani.