Jinsi nilivyoondoa harufu kwenye mboji yangu

Hapa Uyole, Mbeya, taka zetu nyingi za jikoni ni maganda ya viazi na ndizi, nami nilikuwa nikiyatupa yote katika shimo moja nikitarajia mboji. Lakini kufikia Julai, baridi ilipokolea, nilipata uji mweusi wenye harufu iliyomfanya jirani afunge madirisha mchana. Kosa lilikuwa unyevu mwingi na ukosefu wa hewa. Niliyatoa maganda hayo shimoni, nikayapanga upya juu ya ardhi, kila ndoo ya maganda nikiifunika kwa ndoo mbili za mabua makavu ya mahindi yaliyokatwakatwa, na kuligeuza rundo kwa koleo kila wiki. Siku ya nne, nilipochomeka mkono katikati, palikuwa na joto, dalili kwamba sasa yanaoza vizuri. Harufu ilitoweka baada ya wiki mbili.